Sijakataliwa, Nimeahirishwa

Jumanne, 2 Septemba

Jibu la chuo limefika. Nimelisoma mara kumi na moja. Mtu wa kwanza kulisoma hakuwa mimi. Alikuwa Trizah, mwenye saiba, duka la kompyuta, hapa Kisegi, kwa sababu ndiye aliyenijazia fomu na akaweka barua pepe yake. Yangu nilisahau neno la siri tangu kidato cha tatu. Kabla sijafika sokoni, mama muuza nyanya alikuwa ameshaniambia pole. Wa pili naye pole. Wa tatu akaniuliza kuahirishwa ni ugonjwa gani.

Ombi langu la kusomea Jiolojia halijakubaliwa. Wala halijakataliwa. Limeahirishwa hadi kikao cha kamati cha tarehe 24. Kabla ya hapo ninaruhusiwa kutuma barua moja, isiyozidi ukurasa mmoja, kueleza jambo jipya nililolifanya tangu niombe. Nimefikiri sana. Tangu niombe sijafanya jambo lolote, jipya wala la zamani.

Lakini mtu mwerevu huisoma barua na upande wa nyuma. Wanaokataliwa hukataliwa upesi. Mimi wamenitazama wakashindwa kuniacha. Nilimweleza Baba hivyo. Baba ni fundi wa mashua na hapendi maneno mengi. Aliuliza kama nimepata au sijapata. Nikasema jibu liko katikati. Akasema mashua haina katikati, inaelea au inazama, akarudi kwenye randa yake.

Naandika daftari hili kwa Kiswahili kwa sababu ndugu yangu Bravin hupenda kusoma vya watu, na Kiswahili alipata D.

Jumatano, 3 Septemba

Shida ya simba imeanza tena.

Kwetu mvulana akikomaa hujenga nyumba yake ndogo karibu na lango la boma. Hiyo ndiyo simba. Mimi nina miaka kumi na tisa na sina. Nalala kwenye karakana ya Baba, juu ya mbao, kama mgeni anayeondoka kesho. Bravin ana miaka kumi na saba na mabega kama mlango, na yake anaitaka sasa hivi. Lakini mdogo hawezi kujenga kabla ya mkubwa. Ni mwiko, na Dani, yaani nyanya yetu, bado yuko hai na macho yake ni mazima. Kwa hiyo Bravin analala jikoni kwa Dani pamoja na mbuzi wawili, na anasema kosa ni langu.

Msimamo wangu ni ule ule. Mtu anayekwenda chuo hakandiki ukuta. Ukishajenga simba umetangaza kwamba upo, na huendi popote. Wiki inayofuata wanakuuliza habari ya mke.

Leo Baba ametoa hukumu. Jibu la tarehe 24 lisipokuwa ndiyo, tarehe 25 atachimba shimo la kwanza mwenyewe. Fito ameshazikata. Bravin alizihesabu mbele yangu, polepole, kwa sauti. Ziko hamsini na mbili.

Ijumaa, 5 Septemba

Mpango wa kwanza. Ulikuwa mzuri na bado naamini ulikuwa mzuri.

Mwiko unakataza simba. Haukatazi banda la kuku. Nikampa Bravin ruhusa yangu, kama kaka mkubwa, ajenge banda la kuku la kumtosha yeye, alale humo kimya, na aniache nisubiri chuo kwa amani. Jana na leo amefanya kazi kama mtu wa mkataba. Tatizo la Bravin ni kwamba hajui kuficha. Banda lilisimama futi saba. Likawa na dirisha. Akapigilia na msumari wa kutundikia shati.

Jioni Dani alikuja na fimbo yake. Alilizunguka banda mara moja. Akauliza kuku wetu watatu wana nini cha kutundika. Kisha akafungua mlango, akaona komeo liko upande wa ndani. Akasema ameishi miaka themanini na hajawahi kuona kuku wa kujifungia.

Lilibomolewa kabla ya ugali kuiva. Bravin alipoulizwa nani alimpa wazo hilo, alinitaja kabla swali halijaisha. Baba hakupaza sauti. Alinipa misumari yote iliyotoka kwenye banda niinyooshe moja moja kwa nyundo. Kidole gumba cha kushoto sasa ni kikubwa kuliko cha kulia.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Pasta aliwaita vijana waliopata nafasi chuoni wasimame waombewe. Wakasimama wanne. Sikutaka kusema uongo katika nyumba ya Mungu. Sikutaka pia Mungu anipite. Nikasimama nusu. Magoti yamekunjwa, makalio hayajagusa benchi.

Hesabu yangu ilikuwa maombi ya dakika mbili. Pasta aliombea kila mmoja kwa jina lake, na ukoo wake, na chuo chake, na barabara ya kwenda huko. Mapaja yangu yakaanza kutetemeka. Kutoka benchi la nyuma Trizah alikohoa. Akakohoa tena. Nikakaza meno. Akina mama wa karibu wakaona ninavyotetemeka, wakadhani ni Roho ameshuka, wakaniwekea mikono mabegani. Mikono mizito ya watu wanaolima. Nikaenda chini, benchi nalo likaja na mimi.

Sasa kuna wanaosema nimeguswa. Sijakanusha. Nimewaza kama hilo ni jambo jipya la kuandikia kamati, ila silioni likisaidia sana upande wa Jiolojia.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemtembelea Mwalimu Angwenyi, aliyenifundisha Jiografia. Nilimwomba aandike barua kwamba tangu Julai nimekuwa nikiongoza mradi. Akauliza mradi gani. Nikasema nafasi hiyo nimemwachia yeye achague, kwa heshima.

Alikataa. Alisema ameandika uongo mara moja tu maishani, kwenye ripoti ya hali ya vyoo vya shule, na mpaka leo unamsumbua. Halafu akaniuliza ni jiwe gani nimewahi kulitazama kwa zaidi ya dakika moja. Akasema mtu anayetaka kusomea mawe, aliye na shangazi Osiri kwenye machimbo ya dhahabu, na hajawahi kwenda kumsalimu, asiilaumu kamati.

Neno moja tu ndilo lililoingia: Osiri. Jambo jipya. Utafiti wa nyanjani, Kaunti ya Migori. Nilimshukuru nikaondoka kabla hajaongeza ushauri mwingine. Baba alikubali niende. Bravin alinibebea begi mpaka stendi bila kuombwa, jambo ambalo sikulipenda.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefika Osiri. Vumbi kila mahali, hata ndani ya chai. Mashine za kusaga mawe hazinyamazi, ikabidi nimsalimu Waya, yaani shangazi, kwa ishara. Waya Zilpah ni dada ya Baba. Anawapikia wachimbaji maharagwe na chapati kwenye kibanda cha mabati. Alifurahi kuniona. Aliuliza kama nimekuja kufanya kazi. Nikasema nimekuja kufanya utafiti. Akauliza kama utafiti unahitaji kula.

Nyuma ya kibanda chake wanakaa wanawake saba wanaoponda mawe kwa nyundo, kutwa nzima, kabla hayajapelekwa mashineni. Nikaona hadhira. Nikawaeleza jinsi miamba inavyoundwa, aina tatu, kama ilivyo kwenye noti za kidato cha pili. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye miamba iliyogeuka, msichana mmoja akanipa karai. Akasema naweza kuendelea kufundisha, bora nimshikie hilo.

Anaitwa Joyline. Kama miaka ishirini na moja hivi. Hacheki ovyo. Nilishika karai saa mbili nzima na hakuna aliyeniuliza swali.

Jumatano, 10 Septemba

Kazi halisi imeanza. Nimekusanya sampuli sita. Nimeziandika namba kwa kalamu, moja hadi sita, na kuzifunga kwenye taulo. Ni mawe mazuri. Moja jeusi, moja lenye madoa, moja zito sana lililokuwa limejificha chini ya majivu.

Saa saba mchana sufuria ya Waya iliinama yenyewe na maharagwe ya watu thelathini yakamwagika. Jiko lake la mafiga matatu lilikuwa na mafiga mawili. Alinitazama. Nikatazama taulo. Sampuli namba tano bado ilikuwa na moto kidogo.

Wachimbaji wenye njaa si watu wa kueleza sayansi. Mmoja alisema kama utafiti wangu ni wa maharagwe basi umekamilika. Nilipika sufuria ya pili mwenyewe, Waya akiwa amekaa kwenye kiti na kunielekeza kwa mwiko. Nimeungua mahali pawili. Kwenye daftari la utafiti nimeandika: namba tano, jiwe linastahimili joto.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilimwonyesha Joyline sampuli zangu ili ashangae. Alizipanga chini. Akazimwagia maji. Akaligonga la kwanza kwa nyundo, akalinusa, akalitupa. Lilikuwa kokoto la barabara, lilishuka kwenye lori. La pili na la tatu, barabara. La nne halikuwa jiwe, lilikuwa kipande cha saruji kutoka kwenye msingi wa mashine. La tano alilijua, maana hula kwa Waya kila siku. La sita akaligeuza mara mbili, akasema hili angalau ni jiwe.

Nikamuuliza anajuaje. Akasema kwa kutazama. Nikamwambia utafiti haukubali jibu hilo. Basi akanieleza. Jeupe tupu halina kitu. Jeupe lenye mistari ya kutu ndilo la kushika. Likigongwa likatoa harufu ya kiberiti, ujue dhahabu inaweza kuwa karibu, ila itakuwa ngumu kutoka. Wakichimba shimo huangalia mstari unalalia wapi, na ukipotea huutafuta upande ambao jiwe limevunjika, si upande ambao moyo unataka. Haya yote alisema huku anaponda, hakuinua macho.

Niliandika kila neno. Kurasa nne. Mkono uliniuma nikawa na furaha ya kweli, ya kwanza tangu barua ile. Nilijiona tayari niko kwenye ukumbi wa mihadhara, mstari wa mbele, kalamu mbili mfukoni.

Aliniuliza kama nataka kujaribu kuponda. Nikasema kesho.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo ndiyo kesho. Nimeamka mapema nikaaga. Siku nne zinatosha, wengine huandika kitabu kizima kwa wiki. Waya alinifungia chapati na akaniambia nimsalimie Baba, na nisimwambie habari ya jiwe la jiko, atamwambia yeye. Joyline alinipa mawe manne mazuri yenye mistari ya kutu, nilitazame hata moja kwa zaidi ya dakika. Sijui alizungumza na Mwalimu Angwenyi lini.

Jumatatu, 15 Septemba

Barua imekwenda. Kichwa chake: Utafiti Wangu wa Miamba ya Osiri. Kurasa tisa. Trizah alinikumbusha mara tatu kwamba wameomba mmoja. Nikamweleza kwamba ukurasa mmoja ni kipimo cha watu wasio na la kusema. Akapiga chapa huku akitikisa kichwa.

Yale ya Joyline yote yamo. Nimeyaweka kwa sauti yangu, yaani nimeandika "niligundua" mahali alipokuwa amesema "tazama hapa". Kamati ilitaka jina na simu ya mtu anayeweza kuthibitisha. Waya angetaja jiko. Nikaweka Joyline, cheo chake msaidizi wa utafiti. Sioni kosa. Alisaidia.

Mawe matano nimeyatuma kwa kifurushi cha basi kutoka Homa Bay, namba sita pamoja na manne ya Joyline. Karani aliuliza ndani kuna nini. Nikasema maisha yangu ya baadaye. Akaandika: vyombo.

Ijumaa, 19 Septemba

Simu kutoka Osiri. Waya kwanza, halafu akampa Joyline.

Chuo kimempigia. Mhadhiri mmoja wa kike, wa mambo ya miamba, aliyefungua kifurushi mwenyewe. Alitaka kuthibitisha. Joyline akasema waliongea saa nzima, mpaka wenzake wakamwambia azime simu aponde mawe. Alimuuliza mstari ukipotea hufanya nini. Harufu ni ya namna gani. Joyline akamjibu. Mhadhiri akamuuliza amesoma wapi. Ikatokea kwamba Joyline alipata B+ miaka miwili iliyopita, sekondari ya kule Kehancha kwao, kisha mama yake akaugua, akabaki kumuuguza, na fomu za chuo zikampita. Hakuna aliyemwambia zinaweza kujazwa tena. Mhadhiri akamwambia mwisho ni Jumatatu.

Nikamuuliza alisema nini kunihusu mimi. Akasema alimwambia ukweli, kwamba nilikaa siku nne na karai nashika vizuri.

Alikuwa amenipigia kuniomba msaada, hajui barua ya maombi huandikwaje. Hapo nilijikuta mkubwa. Nikamshauri aandike si chini ya kurasa saba, aanze na historia ya dunia, na aseme kwamba nilimgundua mimi. Alinishukuru. Waya anasema ameandika nusu ukurasa.

Jumanne, 23 Septemba

Siwezi kula. Nasema siwezi kula, lakini nimekula, ila bila kusikia ladha. Kesho ni kesho. Nimepita kwa Trizah mara tano kuangalia kama kamati imejibu mapema. Mara ya tano alinipa ufagio.

Bravin amelainisha udongo wa kukandikia karibu na lango. Nilimwambia ni uchuro kufanya hivyo kabla ya jibu. Akasema kwa Kiingereza kwamba yeye anafanya mazoezi tu.

Jumatano, 24 Septemba

Limekuja saa tisa alasiri. Trizah hakumwambia mtu yeyote. Alifunga mlango wa saiba, akanipa kiti, akageuza kompyuta upande wangu. Hapo nikajua.

Kamati inashukuru kwa kurasa tisa na mawe matano. Uamuzi umeahirishwa hadi kikao cha Desemba. Mwombaji anakumbushwa kwamba nyongeza ni ukurasa mmoja. Kamati haipokei vifurushi. Waombaji wasifike ofisini.

Nilimwambia Trizah ni vizuri, mara mbili ni bora kuliko mara moja, inaonyesha mvutano mkubwa ndani ya kikao. Niliongea kwa ujasiri mpaka mlangoni. Kisha nikaenda nyuma ya mashua ambayo Baba hajaimaliza nikalia. Nililia sana. Wenzangu wote niliomaliza nao wana kitu. Mmoja ni askari, wawili wako chuo, mmoja ana pikipiki. Mimi nina barua mbili za kusubiri. Natamani kwenda mahali ambapo mtu atasoma jina langu kwenye orodha na kuniambia ingia.

Baba alikuja kuchukua patasi akanikuta. Alikaa kwenye ubavu wa mashua mpaka nikanyamaza, ndipo akaniuliza kama nimeshindwa au bado. Nikasema bado. Akasema basi kesho tunachimba, mtu ambaye bado anahitaji pa kulala.

Jumapili, 28 Septemba

Nina simba. Baba alichimba shimo la kwanza Alhamisi asubuhi, Dani akisimama na fimbo kuonyesha mlango utazame wapi. Yaliyobaki nilisimamia mimi. Bravin alichimba, akasimamisha, akafunga, akakandika, na jana jioni akapiga mabati. Siku tatu. Sijawahi kuona mtu akimjengea kaka yake kwa mapenzi kiasi hicho. Leo baada ya kanisa alianza shimo la yake, kabla hata hajavua shati jeupe.

Mama muuza nyanya ameshaniuliza habari ya mke. Nikasema imeahirishwa.

Jumatatu, 29 Septemba

Joyline amepata.

Jiolojia, kuanzia Januari. Kikao kile kile cha tarehe 24, kamati ile ile. Barua yake ina mistari sita na hakuna hata mmoja wenye neno kuahirisha. Alinipigia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikasikia anacheka, na nyuma yake wanawake wote sita wanagonga makarai kwa nyundo. Wivu uliniuma. Nauandika hapa kwa kuwa daftari ni langu. Nilimpa hongera na sauti yangu ilikuwa karibu sawa.

Lakini hakupiga kwa hilo tu. Alikuwa na ujumbe kutoka kwa yule mhadhiri. Mhadhiri amesema Desemba atakuwa kwenye kikao. Kijana wa Kisegi akikaa na nyundo miezi hii, na akiandika ukurasa mmoja wa kile alichokiona kwa macho yake mwenyewe, atamsemea. Joyline yuko Osiri mpaka Januari. Amesema nikija atanifundisha kila kitu anachokijua, kuanzia kesho, na ameshawaambia wenzake waniwekee nafasi kando yake. Waya akachukua simu akaongeza kwamba chakula kipo, nisiguse jiko tu. Baba, aliyekuwa karibu, alisikia yote. Aliweka randa chini. Sijawahi kumwona akiiweka chini katikati ya ubao.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa, kwa makini, pande zote. Miezi miwili juani, kuvunja mawe, kwa ajili ya ukurasa mmoja! Kurasa tisa niliziandika kwa siku mbili. Huo ni mtihani wa kupima kama nitakubali kushushwa, na mtu mwerevu hakubali. Nimempigia Waya nikamwambia hapana, na ashukuru kwa niaba yangu.

Kwa sababu nimeiona njia fupi. Kamati imepata mwanafunzi mzuri, kutoka shimo ambalo hawakulijua. Nani aliandika jina lake? Nani aliweka namba yake ya simu? Nimeshapiga pasi shati. Kesho napanda basi la kwanza kutoka Homa Bay, saa nne niko mlangoni mwao. Barua inasema waombaji wasifike ofisini, lakini hayo wanaambiwa waombaji. Mimi nitabisha hodi na kuwaambia ukweli, kwamba ndimi niliyewaletea Joyline.